Kanywa kwa Dada Bua, Kala Kwangu

Mpendwa mshauri Mama Sripai, naomba msaada, na hilo neno naomba uliweke kwenye kabati la redio mlifungie, maana hapa kwetu Don Tao, huku juu njia ya kwendea mpaka wa Laos, hakuna binadamu aliyewahi kunisikia nikiomba kitu, hata chumvi, mimi ndiye huwa naombwa. Jina langu usilitaje hewani. Sema tu ni mzee mmoja wa miaka sabini na moja, mwenye jino la dhahabu na jogoo ambaye hajawahi kushindwa, hawatanijua. Mwandiko nisamehe. Shule nilienda madarasa manne, na hilo la nne nilikaa dirishani nikimwangalia nyati wa mwalimu asile mpunga wa watu, kwa hiyo kwa nyati nilifaulu.

Sasa wewe ni mtu wa mkoa wa Nan kama mimi, mitungi ya langoni unaijua. Njia yetu kila lango lina kibanda kidogo, mtungi wa udongo umekaa ndani, kata imelala juu ya kifuniko, apitaye anywe aende, asiulize mwenyewe yuko wapi. Na sheria ya Don Tao ni moja: mgeni ni wa mtungi aliokunywa kwanza. Akinywa kwako, kwako ndiko anakula tonge la kwanza, baada ya hapo sisi wengine tunaruhusiwa kumgombania mpaka achanike. Sitaki kujisifu, lakini maji ya mtungi wangu nayachuja kwa kitambaa mara mbili, na kuna bwana mmoja wa mjini aliyanywa kata moja tu akasahau alikokuwa anakwenda, akageuza gari akarudi kwao, akapatana na mkewe. Ni kweli kabisa. Mke mwenyewe alikuja kunishukuru.

Basi Januari, ile baridi ya ukungu ambayo hata mbwa anaingia jikoni bila kuitwa, nimesimama njiani na jogoo wangu kwapani, namwona mama mmoja anapanda mlima anasukuma baiskeli, mifuko huku na huku, peke yake kama mwezi, mzungu, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, uso mwekundu kama kaa wa kuchemsha. Lango la kwanza ukipanda ni la Dada Bua, jina lake kamili Buakhiao, mjane, amenizidi miaka minne. Yule mama akaegesha baiskeli, akatazama mtungi, akatazama kata, akanywa. Kata tatu. Nikamsikia Dada Bua anaita kutoka ndani, "Subiri hapo, mdogo wangu! Umekula? Bado, naona bado! Nakuja, usiondoke!" Halafu jikoni kukaanza kelele za sufuria.

Hapo ndipo nilipokosea, mshauri, na nakwambia kama nilivyofanya, sipunguzi. Nikajiambia, huyu mgeni ataganda pale, Dada Bua goti lake bovu, mpaka atoke na sahani jua litazama. Uongo huo niliusema kichwani na kichwa changu kikaukubali upesi sana. Nikaenda, nikashika usukani wa baiskeli, nikasema, "Njoo, njoo, kula kwanza!" Yule mama alikuwa na maneno matatu tu ya kwetu, asante, tamu, na nimeshiba. Akasema asante. Basi mimi nani nikatae asante ya mtu? Nikamketisha jogoo juu ya kiti cha baiskeli tukaenda zetu kwangu, milango mitano tu, na kila mlango niliopita nilikohoa ili watoke waone.

Mke wangu Chansom alikuwa ngazini. Akasema, "We Saen, huyu mama umemtoa wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi, na maji bado yanamdondoka kidevuni? Kanywa kwa nani?"

"Kanywa hewa ya mlima."

"Saen!"

"Teremsha kikapu cha wali, mwanamke, maswali hayajawahi kumshibisha mtu."

Akateremsha, lakini kwa macho yale. Na karamu ile, Mama Sripai, wafu walijuta kufa. Wali wa kunata unafuka moshi kwenye vikapu, pilipili mbichi za kuchoma zilizotwangwa na vitunguu saumu, ngozi ya nguruwe ya kukaanga inayopasuka mdomoni kama fataki, kuku wa supu na zile punje zetu za porini zinazotia ganzi ulimi, mabuu ya mianzi nimeyakaanga kwa mkono wangu. Nusu saa kijiji kizima kiko barazani kwangu. Mwenyekiti kaja na chupa, mamake mwenyekiti kaja na ndizi, na kila anayepanda ngazi swali ni lile lile, "Umekula?" Mama wa watu, jina lake Inga, anatoka Norwei, anajibu "Nimeshiba," na hilo ndilo neno lake ambalo hakuna aliyeliamini. Wanamwekea tena. Anasema "Tamu." Wanashangilia. Wanamwekea tena.

Ndipo Dada Bua akatokea ngazini na sinia. Kaja na goti lake lile, milango mitano, kabeba sinia mikono miwili, juu kalifunika jani la mgomba. Watu wakanyamaza kimya. Wote walijua. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni, na mdomo wangu ukitishwa na kimya huwa unasema wenyewe, nikasema, "Dada Bua! Umefika wakati mzuri, kitoweo kilikuwa kinaelekea kuisha! Weka hapo katikati!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena ndiye niliyecheka sana.

Dada Bua akaweka sinia. Akamtazama mgeni, akamuuliza taratibu, "Umekula?" Inga wa watu akafanya anavyojua, akaunganisha viganja, akasema, "Nimeshiba. Asante." Dada Bua akasema, "Haya." Akashuka. Akavaa ndala zake chini ya ngazi, moja, halafu ya pili, polepole, akaenda. Tukafunua sinia, samaki wa mto kapikwa kwenye majani, na mayai mawili. Tukala. Mshauri, samaki yule alikuwa mtamu kushinda vyangu vyote, na hili nalisema kwa mara ya kwanza, hata Chansom sijamwambia.

Asubuhi yake mtungi wa Dada Bua umefudikizwa. Mdomo chini, tako juu, na kata kaifunika humo ndani. Miaka arobaini na mitatu mtungi ule umesimama, marehemu mumewe aliuleta mgongoni kutoka kwa wafinyanzi bondeni, na hata siku ya kumchoma marehemu, kama tunavyozika sisi, maji yalikuwemo. Kusema haki, tangu ile barabara ya lami ipite kule chini, njia yetu haipati wageni. Kwangu watu wanakuja kwa ajili ya jogoo na kwa ajili ya maneno yangu, lakini pale kwa Dada Bua sidhani kama kuna mpita njia aliyekunywa miaka miwili, ni nyuki tu. Ila kila kukicha anabadilisha maji. Alikuwa anabadilisha.

Inga alikaa siku tatu. Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu ya tatu alilichukua mwenyewe, akapiga matuta ya vitunguu saumu yamenyooka kama reli, mpaka leo watu wanakuja kuyatazama. Siku ya kuondoka tulimfunga nyuzi nyeupe za baraka mkononi, kijiji kizima, mkono ukajaa mpaka kwenye kiwiko, wa kwanza nilikuwa mimi, nikaiita roho yake irudi popote ilipokuwa imemdondoka njiani. Akalia. Na mimi moshi ukaniingia machoni. Kijiji kizima kilikuwepo isipokuwa mmoja.

Baada ya hapo nimejitahidi, usinione jiwe. Nilimpelekea Dada Bua boga, likarudi na boga la pili juu yake. Nilimpelekea kuku, kuku akarudi amelishwa, mzito kuliko alivyokwenda. Nikampelekea mtungi mpya kabisa wa sokoni, nimeufunga kwenye pikipiki kama bibi harusi, kesho yake nikaukuta chini ya ngazi yangu na kamba zangu zile zile. Nikamvizia njiani, nikasema, "Dada Bua, mpaka leo umenuna?"

"Nani kanuna? Mimi mzee, nimechoka kubeba maji."

"Si nitakubebea mimi!"

"Wewe beba wageni, Saen. Hao unawabeba vizuri."

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Imekuja kadi kutoka Laos. Inga anarudi tarehe sita Aprili, na aliyemwandikia kwa lugha yetu ni mama mmoja wa nyumba ya wageni huko huko, na maneno yako hivi: "Nilipomsimulia habari ya mitungi yenu, huyu mama anayeniandikia alinigombeza sana. Sikujua sheria yenu. Mwambieni yule dada wa maji ya kwanza kwamba safari hii nitakula kwake." Kadi hiyo ninayo siku ya tisa leo, chini ya tenga la jogoo. Hakuna aliyeiona isipokuwa Chansom, ambaye huona kila kitu, naye anasema, "Mpelekee mwenyewe kadi yake, mzee usiye na haya." Mimi nasema tungoje mwaka mpya wetu, Songkran, tarehe kumi na tatu, si siku hiyo kila mtu anakwenda kuwamwagia wakubwa maji ya manukato viganjani na kuomba radhi ya mwaka mzima? Dada Bua ni mkubwa kwangu, nitapanga foleni na wenzangu, nitamwaga, nitasema nisamehe pamoja na watu arobaini, yamekwisha, hakuna aliyeaibika. Lakini Inga anakuja tarehe sita. Lango la kwanza atakalolikuta ni lile, na mtungi umelala kifudifudi, na atauliza kwa nini, na njia yetu hii, Mama Sripai, sijui kama umewahi kupita njia yenye sifa kama hii, haijawahi kumpokea mgeni kwa mtungi uliolala. Nifanyeje mtungi ule usimame kabla ya tarehe sita, na mimi nisiwe kichekesho cha Don Tao? Nijibu haraka, nimeanza hata kuota samaki yule.

Wako, mzee wa jogoo.

JIBU

Mzee wa jogoo, pole. Nimekuhurumia, kisha nikasoma barua mara ya pili nikakukasirikia, kisha nikacheka, na sasa hivi nakujibu nikiwa na vyote vitatu. Umeniomba nifiche jina lako na mwenyewe umeliandika mara tatu. Nimelificha jino tu.

Kwanza nikupe chako. Mkono wako uko wazi, baraza lako lina heshima, na kama kila kijiji cha Nan kingekuwa na mtu wa kukohoa mlangoni ili majirani watoke wamwone mgeni, basi hakuna msafiri ambaye angelala na njaa katika mkoa huu. Mwanamke mmoja, peke yake, mbali na kwao, katika baridi ile, akalala kwenu siku tatu kama yuko kwa dada zake. Hilo ni lako na hakuna wa kukunyang'anya. Jisifu, una haki.

Sasa kaa chini.

Wewe unadhani uliiba mgeni. Ungekuwa umeiba mgeni ningekwambia lipa kuku yaishe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Miaka miwili mjane yule anamwaga maji ya jana, anajaza ya leo, kwa ajili ya nyuki. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kisha ukarukia habari ya matuta ya vitunguu saumu. Ile kelele ya sufuria uliyoisikia jikoni ilikuwa ya mtu anayepona, mzee wangu. Ukamnyang'anya dawa mdomoni, kisha alipoileta kwa goti bovu ukaiita kitoweo cha nyongeza.

Nilizaliwa kwenye njia ya mitungi mimi pia. Mama yangu alikuwa akirudi shambani, kabla hajatua jembe, anainua kifuniko kutazama maji yamepungua kiasi gani. Yakiwa yamepungua, siku hiyo tunaimbiwa. Yakiwa vile vile, tunakula kimya. Kwa hiyo usinieleze mimi mtungi uliofudikizwa maana yake nini.

Na hizo zawadi zako! Boga, kuku, mtungi wa pikipiki! Unampiga mtu kwa mkono wa kulia kisha unamfuata umpige kwa wa kushoto. Hujaona kwamba ni ugonjwa ule ule? Unatoa, unatoa, unatoa, ili na leo mtoaji awe wewe. Yeye mwenzako anakurudishia maboga mawili, anakulishia kuku, anakupigia kelele kwa lugha unayoijua na bado huisikii: pokea na wewe! Lango lake liko milango mitano kutoka kwako. Miaka arobaini na mitatu. Umewahi kunywa maji yake hata kata moja? Usijibu, umeshajibu mstari wa kwanza: hata chumvi hujawahi kuomba. Ukadhani hiyo ni sifa.

Habari ya kungoja Songkran, futa. Kuomba radhi katikati ya watu arobaini ni kujificha, na wewe si mtu wa kujificha, mtu mwenye jino kama hilo. Dhihaka yako uliitoa mbele ya watu, lakini hili utalifanya peke yako, kama Inga alivyokuja peke yake.

Nisikilize. Kipindi kikiisha, shuka kwa baiskeli ya mtu, au kwa miguu, mpaka kule chini kwenye lami. Kisha upande mlima hadi Don Tao katikati ya jua la Machi, huna jogoo, huna boga, mikono mitupu. Upande mpaka koo likauke kwelikweli, maana Dada Bua ana macho, kiu ya kuigiza ataijua. Ukifika lango la kwanza utakuta mtungi umelala. Usiuguse. Usiusimamishe wewe, ole wako! Mtu mwenye kiu akikuta mtungi umelala hufanyaje? Huita. Basi ita: "Dada Bua, nina kiu." Hayo tu. Nakujua, mdomo wako utataka kuongeza hadithi ya yule bwana wa mjini na mkewe. Uufumbe.

Huenda akakuacha juani. Kaa. Huenda akasema, "Nenda kwako, kwako kuna maji yaliyochujwa mara mbili." Mwambie, "Nataka ya hapa." Kama ni siku hiyo au ya pili yake, sijui, lakini mwanamke aliyebadilisha maji miaka miwili kwa ajili ya nyuki hawezi kumwacha mtu afe na kiu langoni kwake, hata awe wewe. Atausimamisha mwenyewe. Akishausimamisha na ukishakunywa, hapo ndipo unatoa kadi. Usiitangulize! Ukiitanguliza, mtungi utasimama kwa ajili ya Inga, na wewe utakuwa umemtumia mgeni yule yule mara mbili. Na umwambie ilikaa chini ya tenga siku tisa. Atakusema. Unastahili.

Tarehe sita baki kwako. Mfunge jogoo, mfunge na mdomo. Inga akishakula tonge la kwanza pale, mkeo Chansom atakuambia, yeye huona kila kitu, ndipo ubebe sahani yako milango mitano na uiweke mahali utakapoambiwa. Dada Bua akikwambia, "Umefika wakati mzuri, kitoweo kilikuwa kinaelekea kuisha," cheka, tena cheka sana, kama ulivyocheka siku ile.

Unaogopa kuwa kichekesho. Mzee wangu, wageni hupita huku, hupiga picha mahekalu yetu na milima yetu, wakifika kwao husahau majina yote. Wanachokumbuka ni kwamba mahali fulani, wakiwa peke yao, hawamjui mtu, kulikuwa na kata juu ya mtungi na sauti ndani ya nyumba inauliza kama wamekula. Ndiyo sifa yetu hiyo, nami najivunia kuliko wewe. Lakini sifa hiyo haikai kwa anayemimina tu. Lazima awepo na wa kunywa.

Basi nenda. Kunywa kata nzima, usibakize tone. Na akikuuliza, "Saen, umekula?" hata kama Chansom amekushindilia wali mpaka kooni, mwambie bado.